Rozela na Presha ya Baba

Baba alikuwa na bucha, na akirudi nyumbani hakubadilisha kazi.

Rujewa ya miaka ya sabini ilikuwa vumbi, mpunga na ng'ombe. Ng'ombe wengi walikuja na watu wa kaskazini waliohamia bonde la Usangu na mifugo yao yote, na baba alinunua kwao. Mzee mmoja Mwislamu alikuja asubuhi kukata shingo, maana wateja wengine wasingekula nyama bila hivyo, lakini kumwangusha mnyama na kumshika ilikuwa kazi ya baba. Alimshika dume kwa pembe, akamsokota shingo mpaka magoti yakakunjika, akamlalia kwa kifua. Siwezi kumnyima sifa hiyo, alikuwa hodari. Kisha alinawa mpaka kwenye viwiko, akavaa saa yake, akafungua bucha.

Alimpiga mama. Nasema mapema kwa sababu sipendi masimulizi yanayozungukazunguka jambo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alimpiga kwa mkanda, kwa ubapa wa panga, kwa mwiko wa ugali, na siku moja kwa mguu wa ng'ombe uliokuwa bado na kwato. Alinipiga na mimi, ila mimi nilikuwa na mbio. Mama hakukimbia, maana mara nyingi alikuwa na mtoto mgongoni.

Kisha baba akapata presha.

Ilijulikana hivi. Mteja mmoja, mkulima wa mpunga, alilalamika kwamba amewekewa mifupa mingi kuliko nyama. Baba alichukua jiwe la mizani akampiga nalo mdomoni. Yule mtu alikaa chini akitema meno kwenye kiganja, na baba, aliyekuwa bado anamtukana, akaanza kutoka damu puani. Ilitoka kama bomba lililopasuka, ikaloanisha shati, ikadondokea nyama mezani, na haikukoma kwa vitambaa wala kwa maji baridi. Wakampandisha kwenye lori la mpunga hadi hospitali ya misheni upande wa Iringa. Huko alilazwa, akapimwa, akaambiwa ana shinikizo la damu.

Alirudi na vidonge kwenye bahasha, na sentensi moja mdomoni. "Daktari amesema nisiudhiwe."

Bila shaka daktari alisema mambo mengi. Baadaye, nilipokuwa muuguzi, nimeyasema mwenyewe kwa wagonjwa mpaka ulimi ukauma: punguza chumvi, acha mafuta, acha pombe, meza dawa kila siku hata ukijisikia mzima. Baba aliyaacha yote hukohuko hospitalini akarudi na hilo moja. Mwanzoni alikuwa anapiga bila maelezo. Sasa akawa anapiga na ruhusa ya daktari.

Baada ya kumpiga mama alikaa kwenye kigoda mlangoni, vifungo vya shati wazi, akaomba maji. "Ni presha," alisema. "Inanipanda, naona giza, sijui hata ninachofanya." Mama, jicho limevimba, alimletea maji. Na mimi niliamini. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, nilikuwa nimeiona damu ile puani kwa macho yangu, na ilinijia akilini kwamba damu ya baba imezidi, inasukuma, lazima ipate pa kutokea, ikikosa pua itatokea kwenye ngumi. Majirani waliamini vilevile. Wanawake kisimani walimfundisha mama namna ya kupika mboga bila chumvi ili kumpoza.

Mwaka huohuo alimvunja mama meno mawili ya mbele, na mama akakimbilia kwao, nami nikaenda naye.

Kwao kulikuwa juu, kwenye baridi, ng'ambo ya Makambako, ambako siku hizo kulihesabiwa bado ni Mkoa wa Iringa. Kwetu sisi mwanamke aliyepigwa akikimbilia kwao, mume hamfuati peke yake. Anakuja na wazee wake na mbuzi, kikao kinakaa, anayestahili kutozwa anatozwa, mbuzi analiwa, mke anarudi. Baba alikuja na kaka yake mkubwa, baba mkubwa wangu, mtu mwenye sauti ya taratibu, mzoefu wa vikao kuliko wa jembe. Walikaa upande mmoja, wajomba upande mwingine, katikati ulanzi kwa wanaokunywa. Mama aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, amefunika mdomo kwa kanga.

"Ndugu zangu," alisema baba mkubwa, akisalimia kwa Kibena, "kamwene. Hatukuja kubishana. Mtu mzima wa afya akimpiga mke wake namna hii anatozwa, na mimi ningekuwa wa kwanza kusema atozwe. Ila huyu mdogo wangu ni mgonjwa. Hospitali ya wazungu imempima, ina cheti. Mgonjwa hatozwi. Mgonjwa anauguzwa."

Nilitegemea mjomba mkubwa apinge. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli, mtu asiyeinua mkono hata kwa mbwa. Aliuliza swali moja tu. "Dawa anatumia?"

"Anatumia."

"Basi, dada, rudi ukamuuguze mwenzio."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi, na hasira yake haijaisha. Hawakuwa watu wabaya. Kwao mgonjwa hakuachwa. Hata mwenye ukoma alipelekewa chakula, hata kichaa aliyewapiga mawe walimwogesha. Walitumia wema huohuo, wote, kumrudisha dada yao kwenye ngumi akiwa na mapengo mawili, na wakamkabidhi ugonjwa wa mume wake kama anayekabidhiwa mtoto mchanga.

Mama aliupokea. Tukiwa njiani kushuka Usangu aliniambia kwa mdomo wake uliovimba, "Presha ikishuka atatulia. Nitaishusha mimi." Tangu siku hiyo hakuwa na lingine. Ikishuka, tutaishi. Isiposhuka, atauawa, na hilo hatukuwa na haja ya kulitamka.

Aliyetuletea rozela alikuwa jirani yetu, Msukuma, mke wa mfugaji aliyemwuzia baba ng'ombe. Walikuwa wameshuka kusini polepole na mifugo yao, wakakaa misimu kadhaa upande wa Dodoma, na huko alijifunza kulima maua yale mekundu ambayo wenyewe wanayaita choya. Sisi tulisema rozela. Kwenye joto la Usangu yalimea vizuri kando ya boma lake. Siku moja alikuja na kikapu cha maua yaliyokaushwa, mekundu sana, karibu meusi.

"Mayu," alimwambia mama, "hii ndiyo inapoza damu. Mume wangu ilikuwa inampiga kichwa mpaka anatapika. Chemsha, mpe asubuhi na jioni. Utaniambia."

Mama alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Hii si inaongeza damu? Kwetu kitu chekundu namna hii tunampa mzazi, arudishe damu aliyomwaga. Huyu wangu damu imemzidi, halafu mimi nimwongezee? Ataniua, jirani."

"Haiongezi, inapoza."

"Nani amesema?"

"Nimeona kwa mume wangu."

"Mumeo si mume wangu."

Walibishana mpaka maziwa yakafurika jikoni. Nikikumbuka leo naona kwamba swali la mama lilikuwa swali sahihi kabisa, lile ambalo wauza dawa wanaombea usiulize. Siku hizi rozela inauzwa kila kona ya Mbeya na Iringa, ya unga, ya vidonge, kwenye kopo lenye picha ya moyo unaotabasamu, na muuzaji anakuapia inashusha presha, inaongeza damu, inayeyusha mafuta, inasafisha figo na kurudisha ndoa. Mimi husimama nikabishana nao mpaka wajukuu wanivute kanga. Nimeusomea uuguzi, na nimeendelea kusoma hadi macho yakachoka. Watafiti waliogawa watu makundi, hawa wakanywa rozela na wale wakanywa kitu kingine, wameona kwamba presha inashuka kweli, kwa kiasi, kwa baadhi ya watu. Mara nyingi waliopimwa walikuwa wachache, na kwa wiki chache. Wengi walikunywa chai ya maua yenyewe, hawakumeza kopo la dukani ambalo hakuna ajuaye kiasi gani cha ua kimo ndani. Kuongeza damu ni imani ya rangi tu. Na anayeacha vidonge vya hospitali kwa sababu ya kikombe chekundu, huyo nimewahi kumsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, nusu ya mwili imelala.

Mama hakuwa na watafiti. Alikuwa na desturi ya uyoga. Huko kwao mvua za kwanza zikinyesha wanawake huingia msituni kuchuma uyoga, na ukikutwa uyoga usiofahamika, mtu mzima mmoja hupika kidogo, akala peke yake, akangoja. Akiamka salama wengine wanakula. Kwa hiyo mama aliichemsha rozela akainywa mwenyewe.

Aliinywa asubuhi na jioni kwa muda. Kisha akaanza kuona kizunguzungu akiinuka jikoni, na siku ya kumpima mtoto uzito zahanati alipepesuka mlangoni. Mganga wa zahanati, kijana wa Tukuyu ambaye sote tulimwita daktari, alimkalisha akamfunga mpira mkononi. Mashine yake ilikuwa ya zebaki, kwenye kisanduku cha chuma, na aliipenda kuliko alivyopenda kula.

"Mama, presha yako iko chini mno. Unakula kweli?"

Mama akamweleza maua. Angemfukuza, asingekuwa wa kwanza. Badala yake alivuta kiti. "Mtu mmoja hathibitishi kitu," alisema. "Na wewe umekonda, huenda ni njaa tu. Acha kuinywa, ule vizuri, urudi nikupime. Halafu uinywe tena nikupime tena."

Akaacha, presha ikapanda ikakaa pake. Akainywa tena, ikashuka. Daktari alicheka peke yake kwa furaha, akagonga meza, akashukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga, mama! Sasa mlete huyo mwenye ugonjwa. Ila vidonge asiache, unanisikia? Akiviacha nitakulaumu wewe."

Nilidhani baba atapindua meza. Kumbe alipenda. Alipenda kupimwa, kukaa kwenye kiti kizuri na mkono mbele huku mtu aliyesoma amempigia magoti. Alipenda na kinywaji chenyewe, kichachu, chenye sukari ambayo wakati ule ilikuwa ya kutafuta, na sisi watoto tuliacha kuweka sukari kwenye uji ili itoshe kikombe chake. Mimi ndiye niliyechemsha. Mama alimpa kikombe mkono huu na kidonge mkono huu, akasimama mpaka ameze. Nasema hivyo kwa sababu nataka kuwa mkweli: zamani alivimeza vidonge akikumbuka, sasa alivimeza kila siku. Kilichomshusha kati ya rozela na vidonge siwezi kuapa. Huenda vyote viwili.

Ila alishuka. Kila alipokwenda zahanati ilikuwa imeshuka zaidi.

Hakutulia kwa siku moja, lakini tulikuwa na jibu kwa kila kitu. Alinizaba kofi kwa sababu ya kuni mbichi, sikio likalia siku nzima, na mama akasema, "Bado haijashuka vizuri." Mfugaji mmoja alimletea ng'ombe mgonjwa akasisitiza ni mzima, wakashikana pale bucha, yule na fimbo yake, baba na mpini wa shoka. Fimbo ilimchana baba kichwani, mpini ukamvunja mfugaji mfupa wa bega, tukausikia ulivyolia tukiwa upande wa pili wa barabara. Wenzake walikuja na fimbo na mikuki, na wakulima waliokuwa na kisasi chao cha mpunga uliolishwa ng'ombe wakatokea na mapanga, na kwa muda mfupi nilidhani Rujewa nzima itachinjana kwa ajili ya ng'ombe mmoja mwenye kuhara. Waliamuliwa. Damu ilizolewa kwa vumbi. Jioni mama aliongeza konzi nzima ya maua kwenye sufuria.

Kumpiga mama, lakini, hakumpiga. Wiki zilipita. Jicho lake lilirudi rangi yake. Nilimsikia akiimba wimbo wa kwaya akichambua mchele, wimbo wa kwao ambao sikujua kama anaujua.

Kisha ikaja siku ya gulio. Asubuhi baba alikwenda zahanati, daktari akampima, akampima tena mkono wa pili, akamwambia, "Mzee, hii sasa ni presha ya kijana. Endelea hivyohivyo." Baba alirudi bucha kifua mbele. Bucha lilikuwa limejaa, na alimtangazia kila mteja. Alijipiga kifuani. "Nimepona mimi! Presha ya kijana! Muulizeni daktari!"

Mteja mmoja, mama mwuza mchele, mtu wa mzaha, akasema, "Usijisifu wewe, msifu mkeo. Mkeo ndiye daktari wako." Watu wakacheka. Akadakia mwingine, "Ukimuudhi atakunyima kikombe!" Wakacheka zaidi. Nilikuwa pale, nimetumwa kuchukua utumbo. Baba naye alicheka. Alimalizia kukata nyama ya yule mama, akaifunga vizuri, akaongeza na kipande juu, akafuta mikono. Akaniambia nibaki niangalie bucha. Sikubaki. Kuna namna alivyofuta mikono.

Nilimkuta amesimama sebuleni. Mama alikuwa amepiga magoti anapanga vyombo. Baba alifungua mkanda wa saa, akaivua, akaiweka dirishani mbali na ukingo isije ikadondoka. Alimwinua mtoto aliyekuwa amelala mkekani, akamlaza chumbani, akarudisha mlango. Kisha akachukua mpini wa shoka uliokuwa umeegemea ukuta.

Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Alimpiga mgongoni, na mama alipoinua mkono kujikinga akaupiga mkono, nao ukavunjika katikati, nikaona unakunjika mahali pasipo na kiungo. "Wewe ndiye daktari wangu?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. "Eh? Wewe ndiye?" Akampiga mapajani. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata shingo mpaka nikaonja chumvi, akanitupa kama ngozi mbichi, nikagonga ukuta, nikainuka, nikamrukia tena. Alikoma mwenyewe, alipotaka kukoma. Alivaa saa yake. Na nikiwa sakafuni, damu mdomoni, nilikumbuka kwamba saa ile aliivua kila mara. Kila mara, miaka yote. Mtu anayeona giza haoni pa kuweka saa.

Tulimpeleka mama zahanati, mimi na jirani Msukuma, mkono umefungwa na kanga. Daktari alikuwa bado anautafutia vipande vya mbao wakati baba alipoingia. Watu wa gulio walimfuata nyuma wakitazama. Alikuwa amefungua vifungo vya shati, ameshika kichwa, anapepesuka.

"Daktari, nisaidie. Imenipanda. Ghafla imenipanda, nikaona giza, sijui nilichofanya. Ni yale maua yake, ameniongezea damu!"

Daktari alimwacha mama kitandani, akavuta kile kiti kizuri, akamkalisha baba, akamfunga mpira. Nilisikia hewa ikitoka polepole kwenye mpira. Alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto.

"Mzee," alisema, "presha yako ni nzuri. Ni ileile ya asubuhi."

"Pima tena."

"Nimepima mara mbili."

Baba alimpiga kwa kisanduku chenyewe cha mashine. Kilimpata daktari juu ya jicho, kioo kikapasuka, na zebaki ikamwagika sakafuni, ikakimbia huku na huku kwa matone madogo yanayong'aa, chini ya kitanda, chini ya miguu ya watu. Wanaume wa gulio walimshukia baba. Walimtoa nje wakimpiga mateke, na mfugaji mwenye bega lililovunjika, ambaye alikuwa amekuja kubadilishiwa kitambaa, naye alimpiga kwa mkono wake mzima. Daktari, damu inamwingia jichoni, alikuwa ametambaa chini anajaribu kuikusanya zebaki kwa kipande cha karatasi. Nilimwonea huruma kuliko nilivyomwonea baba. Baba sikumwonea huruma hata kidogo.

Kwa mara nyingine tukapanda kwa wajomba, mama, mimi na mtoto. Na baba akaja kama ilivyo desturi, uso umechubuka, na kaka yake, na mbuzi. Walikaa palepale, mkeka uleule karibu na mlango.

"Ndugu zangu," alianza baba mkubwa, "kamwene. Hatukuja kubishana. Huyu mdogo wangu mnamjua ni mgonjwa..."

Mama alisimama. Mwanamke kwenye kikao kama kile huulizwa, hasimami. Mkono wake ulikuwa umefungwa mbao mbili na kitambaa shingoni. Alisema kwa Kibena, polepole, kama anayefundisha watoto wa shule ya Jumapili.

"Mliniambia nikamuuguze. Nimemuuguza. Nilimtafutia dawa, nikaijaribu mwenyewe kwanza, nikaona inafanya kazi, nikampa. Vidonge vyake nikampa kwa mkono wangu. Presha imeshuka. Daktari alimpima asubuhi ile kabla hajanipiga, ikawa nzuri. Akampima baada ya kunipiga, ikawa nzuri. Watu wa gulio wote wameona. Kazi mliyonipa nimeimaliza, huyu amepona. Huu mkono ameuvunja akiwa mzima."

Akakaa. Baba mkubwa hakuwa na hotuba ya kumtetea mtu mzima wa afya, hakuwahi kuihitaji.

Mjomba mkubwa alimgeukia baba. "Shemeji, ni kweli? Umepona?"

Nilimtazama baba. Angesema hapana, ni mgonjwa bado, huenda angepewa tena mke wake, wale watu walikuwa wema kiasi hicho. Lakini alikuwa amejipiga kifua mbele ya gulio zima, na hapo mbele yake walikuwa wanaume wanaongoja aseme mwili wake ni dhaifu na kwamba mwanamke ameshindwa kumponya. Alinyoosha mgongo.

"Mimi ni mzima," alisema. "Sina presha."

Mjomba, mzee wa kanisa, asiyeinua mkono hata kwa mbwa, aliinuka akampiga kofi lililomwangusha kutoka kwenye kigoda. Wadogo zake wakamalizia. Walimburuta mpaka barabarani, wakamrushia mbuzi wake, wakamwambia akionekana tena upande huu wa mlima watamzika hukuhuku. Nilitoka nikatazama. Nilitaka kuona kila pigo, na nilifurahi, sitadanganya.

Niliporudi ndani mama alikuwa jikoni, amekaa karibu na moto, analia. Hakulia alipovunjwa mkono. Hakulia walipomnyoosha mfupa. Sasa alilia mpaka kamasi zikamtoka, na mimi, kwa ujinga wa umri, nikakasirika.

"Mama, si umeshinda? Unalia nini?"

Alijifuta kwa ule mkono mzima.

"Pale zahanati," alisema, "alipokuwa anampima, mimi nimelala pale mkono umening'inia, nilikuwa namwomba Mungu mashine ioneshe imepanda."